Jaketi la Zamu

Mwanaidi mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali. Umetoka hapa na baba yako mchana kwenda Boko kumuaga bibi yako, na umeondoka na chapati mbili mkononi na ya tatu mdomoni, kwa hiyo najua u mzima. Mie nimebaki na cherehani yangu na sofa la mteja ambaye ameshanipigia simu mara nne leo. Nimemwambia umeme umekatika. Umeme upo. Nataka nikuandikie kabla hamjarudi, na nikishaanza kushona sitaandika tena.

Usitafute maagizo humu. Mambo ya kula, ya kuswali, ya dawa, ya wanaume wa Moshi, yote shangazi yako ameshakueleza, na mengine amekueleza kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Mie nakuandikia kuhusu jaketi.

Lile la bluu, lililo kwenye sanduku langu chini ya mashuka. Ulipokuwa na miaka tisa ulilitoa ukalivaa, mikono imekupita mpaka magotini, ukawa unatembea uani na ndoo kichwani ukisema wewe ni mama anapanda mlima. Nikakuzaba kofi. Ulishangaa zaidi ya kulia, na mie nilishangaa kuliko wewe. Halafu mwezi uliopita, ulipopata barua ya kazi ya mlimani, ukanijia taratibu: "Mama, nipe basi lile jaketi lako. Huku joto lote hili unalifanyia nini?" Nikakujibu kwamba halitoki. Ukanuna siku mbili, na nikakusikia unamwambia baba yako, "Mama hataki niende, ndiyo maana." Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu jibu lake lilikuwa refu, na nimelibeba muda mrefu mpaka nikazoea uzito wake.

Hadithi za mlima umekua nazo. Nilikuwa nakusimulia nikikusuka, ili usitikise kichwa. Unajua jinsi shangazi yangu alivyonichukua Moshi kumsaidia kuuza dagaa na nazi, biashara ikafa, yeye akarudi Temeke, mie nikagoma kurudi kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliona aibu. Unamjua Manka, binti wa Kichaga niliyepanga naye chumba kimoja, aliyekuwa anasuka nywele siku za mvua na kubeba mizigo ya wageni mlimani siku za kiangazi. Unajua aliyenipeleka kwa waongozaji nikachukuliwa kuwa mpagazi ni yeye. Mlimani hatujiiti wapagazi, tunajiita wagumu. Kwenye msafara wangu wa kwanza walikuwapo wagumu thelathini, na wanawake tulikuwa wawili tu.

Mie nilibeba kilo zangu ishirini kichwani, juu ya kata ya khanga, kama ninavyobeba maji. Wenzangu walibeba mabegani. Walinicheka mpaka kilima cha kwanza, halafu wakaacha, maana nilikuwa nimewapita.

"Aisee Tatu, wewe Mswahili," Manka alinipigia kelele kutoka nyuma, "unakimbilia wapi? Huko juu utaganda kama lambalamba!"

"Niache bwana! Mie damu yangu ya moto, ya Temeke!"

"Tutaiona hiyo damu kesho asubuhi."

Na kesho yake asubuhi aliiona. Nilitoka kwenye hema nikakuta majani yamekuwa meupe na maji ya kwenye ndoo yamekuwa kioo. Nikaita watu wote waje waone. Kumbe wao wameshaliona hilo tangu wanazaliwa. Manka alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaniwekea mikono yake mashavuni, na ilikuwa ya moto. Sijui ile mikono ilikuwa inautoa wapi moto. Vidole vyake virefu, vyepesi. Alikuwa anaweza kusuka kichwa kizima huku anabishana na watu watatu, na mstari usipinde. Ule msuko wa mistari midogo niliokuwa nakusuka kila Idi, ukaambiwa na walimu wako mama yako ni fundi, ni yeye aliyenifundisha, jioni jioni, nje ya hema, kwenye kichwa chake mwenyewe akinielekeza kwa maneno.

Ulikuwa unaniuliza, "Manka yuko wapi sasa hivi?" Nikawa nakujibu kwamba aliolewa akahama. Nilikudanganya. Nilikuwa sijui alipo, na sikutaka kujua.

Sasa nikueleze ambayo sikuwahi kukusimulia.

Getini, kabla ya kupanda, wagumu wanakaguliwa. Mzigo unapimwa, halafu wanaangalia kama una viatu, koti la mvua, na jaketi zito. Huna jaketi, hupandi. Ni utaratibu mzuri. Lakini siku zile wengi wetu hatukuwa na uwezo wa kununua kila kitu, na kila mgumu alikuwa na namna yake. Mmoja anavaa jaketi, anakaguliwa, anapita, anazunguka nyuma ya vyoo, analirusha juu ya uzio kwa mwenzake aliye bado kwenye foleni. Jaketi moja lilikuwa linaweza kukaguliwa mara tatu kwa siku na kila mara likapita vizuri. Tulikuwa tunaona ni ujanja. Tulicheka nalo njia nzima.

Jaketi letu lilikuwa la Manka. Alilinunua mwenyewe, mtumba, zipu yake mbovu. Tukakubaliana tulivae kwa zamu: leo wewe, kesho mimi. Asiye na zamu anavaa sweta mbili na koti la mvua, anatembea haraka. Siku za chini haikuwa shida. Tena ilikuwa raha, maana kila asubuhi tulikuwa tunakabidhiana jaketi kama wafanyakazi wa kiwandani wanavyokabidhiana mashine, Manka anaweka mkono kwenye paji la uso anapiga saluti. Najua umenisikia nikicheka peke yangu kwenye cherehani. Mara nyingi huwa ni hiyo saluti.

Siku ya nne njia tuliyopita inavuka kutoka Mawenzi kwenda Kibo. Kati ya vilele hivyo viwili kuna uwanda wa juu sana, mrefu, umelala kama tandiko la punda, na wenyewe tulikuwa tunapaita Tandikoni. Nilicheka siku ya kwanza nilipolisikia jina. Nikawaambia kwetu Temeke tuna Tandika, na kuna kila kitu, wao wana Tandiko na hakuna hata muuza karanga. Kweli hakuna kitu, Mwanaidi. Hakuna mti, hakuna jani. Mawe na vumbi jekundu, na njia moja nyembamba unayoiona mpaka macho yanachoka. Asubuhi jua likipiga, Kibo inakaa mbele yako nyeupe, unaona kama ukinyoosha mkono utaigusa, na unatembea saa nzima na haijasogea. Sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Nimeishi Chang'ombe hii miaka yote na makarakana yake na vumbi la mbao, na bado nikifumba macho naiona ile njia. Naipenda. Nataka ulijue hilo kwanza, kwamba naipenda.

Siku ile zamu ilikuwa ya Manka.

Usiku wa kuamkia siku ile sikulala kwa baridi, na asubuhi nilikuwa naogopa. Sikuwa naumwa. Niliogopa tu, kama mtoto anavyoogopa maji ya kuoga. Nikamwambia, "Manka, kifua kinanibana." Alikuwa ameshalivaa. Alianza kulivua kabla sijamaliza sentensi.

"Vaa. Tangulia," alisema. "Mimi naosha masufuria kwanza. Utanisubiri kwenye jiwe kubwa, hapo nusu njia, tubadilishane. Sawa?"

"Sawa."

Nikavaa jaketi ndani, koti la mvua juu, nikajitwika mzigo wangu. Nilikuwa nimefika katikati ya Tandikoni wingu lilipoteremka. Kule juu wingu halisogei kama huku, linafika tu, na ukishtuka huoni mguu wako. Ukaja upepo, na ndani ya upepo kulikuwa na mvua iliyochanganyika na barafu. Nikalifikia jiwe. Nilikaa. Nataka ujue kwamba nilikaa. Nilijibanza upande usio na upepo nikamwita, sauti ikaishia hapo hapo. Sijui nilikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilianza kusema moyoni kuwa labda amerudi kambini, labda amepita na hatukuonana, labda kuna mtu amemwazima koti. Unajua mtu anavyojitafutia labda. Nikainuka nikaenda.

Kwenye kambi ya mbele walikuwa wameshawasha majiko. Nikapewa chai ya tangawizi, nikaingia kwenye hema la mpishi. Kiongozi mkuu alikuwa anahesabu watu, akachungulia.

"Tatu, mwenzako yuko wapi?"

"Yuko nyuma, anakuja."

"Ana jaketi?"

Nikamwambia, "Analo."

Nilikuwa nimelivaa, Mwanaidi. Lilikuwa mwilini mwangu, chini ya koti la mvua, hakuliona. Kama ningesema ukweli, angejua tulivyodanganya getini, na wote wawili tungefukuzwa, na msimu ndiyo kwanza unaanza. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Yeye akaona kama mtu ana jaketi anaweza kungoja, akawapeleka watu kwanza kwa mgeni mmoja aliyekuwa anatapika. Mpishi ndiye aliyekosa raha. Alitoka peke yake na blanketi, akachelewa sana, akarudi na Manka mgongoni.

Glavu zake zilikuwa za sufu, zimelowa, zimeganda kwa baridi zikawa ngumu kama ubao. Walizikata kwa kisu. Mie nilisimama pembeni na kile kikombe. Akafumbua macho, akanitafuta mpaka akaniona. Nilijua atasema. Nilikuwa nangoja aseme, nafsi yangu yote ilikuwa inangoja.

Akaniuliza, "Tatu, kifua kimepoa?"

Wakamteremsha jioni ile ile. Hospitali walimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Niliposhuka nilinunua machungwa, nikaenda mpaka mlango wa hospitali, nikasimama. Watu wakaingia, watu wakatoka. Nikampa machungwa mama mmoja aliyekuwa amekaa pale na mtoto, nikaondoka. Wenzangu ndio walioniambia kwamba alipoulizwa habari ya jaketi, Manka alisema upepo ulilichukua. Hata hapo alinivalisha mimi. Nilisikia hivyo, nikafungasha, nikapanda basi la Dar. Jaketi lilikuwa kwenye mfuko wangu. Sikuweza kulirudisha, sikuweza kulivaa, na kulitupa ndiyo kabisa.

Baba yako alinikuta Temeke nikishona mito ya viti, akanifundisha ufundi wa masofa, tukaoana, ukaja wewe. Aliniuliza kwa nini niliacha mlima, nikamwambia baridi. Kila mtu nimemwambia baridi. Watu wa huku wanaliamini hilo haraka.

Nimefikiria miaka mingi ni wapi hasa nilikosea. Zamani nilidhani ni pale kwenye jiwe. Sasa jiwe nimelisamehe. Nilikuwa mdogo, nilikuwa naogopa, na baridi ile ni baridi kweli, utaiona mwenyewe. Ile "analo" ndiyo siisamehe, maana niliisema nikiwa nimekaa, nimefunikwa, nimeshika kikombe cha moto. Woga ulikuwa umeshaisha. Kilichobaki kilikuwa kulinda ujanja wetu mdogo wa getini. Na umesoma hapo juu nilivyomdanganya mteja kuhusu umeme. Ulimi wangu bado mwepesi. Sikufundishi kitu hapa. Wewe tangu utoto ni mkweli mpaka unaudhi, tabia hiyo hukuipata kwangu. Nakueleza mama yako alivyo, basi.

Nilidhani nitakufa nalo. Nilikusimulia mlima nikiondoa siku moja tu, na mlima uliobaki ulikuwa mzuri kiasi kwamba umekwenda chuo kuusomea. Nilipaswa kujua. Mtu hawezi kumsifia mtoto njia miaka yote halafu ashangae mtoto akitaka kuipita.

Halafu ukaenda kule kwenye usaili, ukarudi na hadithi zako. Ulikuwa umekaa kwenye kile kigoda unakatakata bamia, unasimulia kwa mikono yote miwili. Ukasema, "Mama, kuna mama mmoja pale karibu na geti anauza uji, wenyewe wanamwita Mama Uji. Mkali huyo! Wasichana wote wanaobeba lazima wapite kwake kwanza. Hakupi uji mpaka umuoneshe jaketi lako. Analishika, anavuta zipu, anakuuliza, 'Hili lako au la kuazima?' Sie tulicheka! Na anafanya yote hayo na mkono uko hivi." Ukakunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto kunionyesha.

Nikainuka kwenda kuangalia maharage. Hatukuwa na maharage jikoni siku ile, na wewe ulikuwa unacheka, hukuona. Nilisimama mbele ya jiko lisilo na moto nikasema alhamdulillahi, yu hai. Halafu nikalia, na nilipotoka nikakuambia ni kitunguu.

Amekukagua, mwanangu. Amekushika begani akakuvuta zipu ya jaketi la kuazima bila kujua wewe ni nani. Na wewe ukaniambia alikuuliza unatoka wapi, ukasema Temeke, akakuongeza uji.

Wiki hii nimelitoa lile jaketi. Nimelitia zipu mpya, ya shaba, ile ninayoweka kwenye masofa ya watu wenye pesa. Nimeshona kwapa lililokuwa limefumuka. Jana nikalikunja, nikaliweka chini kabisa kwenye begi lako, na kikaratasi: mpe Mama Uji, mwambie limetoka kwa Tatu. Nilijiona nimemaliza kazi. Nikalala vizuri.

Leo asubuhi nimekuona unalijaribu begi mgongoni uani, unaruka ruka, unasema mbona zito kuliko jana. Nikajiona tena nimetangulia, nimemwachia mwingine anibebee. Ulipokwenda kuoga nikalitoa.

Kwa hiyo begi lako sasa lina jaketi jipya, jekundu, la kwako peke yako, nimelinunua na risiti iko mfukoni. Akikuuliza kama ni lako au la kuazima, utajua cha kumjibu.

Na mie nimekata tiketi. Basi ni lile lile la kesho. Baba yako nimemwambia naenda kukusindikiza, na jioni hii akirudi nitamwambia lililobaki, kwa mdomo wangu. Wewe siti yako iko mbele, mstari wa pili. Yangu iko nyuma kabisa, na nimeiomba makusudi. Barua hii nakupa leo uisome kabla hatujaondoka, ili usilazimike kukaa karibu na mama usiyemjua. Ukitaka, njoo nyuma ukae na mie, uniulize chochote, njia ni ndefu na sitakudanganya hata kimoja. Usipotaka, tutashuka Moshi kama abiria wengine, na sitakununia. Nitakuwa bado mama yako siku utakayotaka.

Sijui Manka atasema nini. Sijui kama atanitambua, nimenenepa. Anaweza kunimwagia uji, na ana haki. Nitasimama safari hii mpaka amalize.

Shangazi yako ameshaanza kunicheka kwenye simu. "We Tatu, baridi ya Moshi mwezi huu unaiweza? Mwenzetu si uliikimbiaga? Beba nguo ya maana!" Nimemwambia nitabeba. Na lile jaketi nitalibeba kweli, hapa mkononi, likiwa limekunjwa, tangu Dar mpaka mlangoni kwa Manka. Lakini kulivaa silivai, hata nikitetemeka. Si zamu yangu.

Mama yako,
Tatu